Meli Inayotoka Jasho: Miaka 200 ya Kupambana na Maji Yasiyotoka Baharini

Septemba 1819, meli mbili za jeshi la majini la Uingereza, Hecla na Griper, ziliingia kwenye ghuba ndogo ya kisiwa cha Melville, kaskazini kabisa mwa nchi tunayoiita leo Kanada. Mabaharia walilazimika kukata barafu kwa misumeno ili kupata njia ya kupita. Mkuu wa msafara, William Edward Parry, alijua kwamba hawataondoka hapo mpaka kiangazi cha mwaka unaofuata. Jua lilizama mwanzoni mwa Novemba, na halikuonekana tena hadi Februari. Basi wakafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya: wakafunika sitaha kwa paa la turubai, wakaziba matundu, wakawasha majiko, wakajifungia ndani.

Halafu ndani kukaanza kunyesha.

Si kwamba meli ilikuwa inavuja. Ilikuwa imeganda kwenye barafu, na maji ya bahari hayakuwa na pa kupita. Lakini kuta za mbao pembeni mwa vitanda zilikuwa zinalowa, kisha maji yale yanaganda, na siku ya pili yanaongezeka mengine juu yake. Matandiko yalikuwa mabichi. Parry aliandika kwamba kuna wakati walitoa ndani ya meli barafu ya kujaza ndoo zipatazo 100, kila moja ya galoni 5 hadi 6, na yote hiyo ilikuwa imejikusanya kwa muda usiofika wiki nne.

Hebu tupige hesabu kidogo. Hecla ilikuwa na watu 58. Mtu mmoja, kwa kupumua na kutoka jasho tu, hutoa karibu lita moja ya maji kwa siku. Zidisha kwa watu 58, kisha kwa siku 27: unapata lita zaidi ya 1,500. Ndoo 100 zenye lita ishirini na ushei kila moja ni kama lita 2,000, na barafu ya kukwangua haijazi ndoo sawasawa, ina mapengo. Ongeza mvuke wa sufuria za jikoni, na hesabu inakaribiana vizuri mno. Yaani maji yote yale yalitoka ndani ya wale watu wenyewe. Walikuwa wanalala pembeni mwa pumzi zao zilizoganda.

Jambo hilo linaitwa mtonesho, na huhitaji kwenda Aktiki kuliona. Panda daladala siku ya mvua, abiria wamefunga madirisha yote, na baada ya vituo viwili vioo vimekuwa vyeupe na mtoto mmoja ameshaandika jina lake kwa kidole. Au toa soda kwenye friji mchana wa Dar es Salaam na uiweke mezani. Chupa haijavuja, ila hewa iliyoigusa imepoa, na hewa iliyopoa haiwezi kubeba mvuke mwingi kama ya moto. Meta moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 20 inaweza kubeba gramu 17 hivi za mvuke. Ikishuka hadi 10, inabeba gramu 9 tu. Ikifika sifuri, chini ya 5. Kinachozidi lazima kishuke mahali, na kitachagua sehemu yenye baridi kuliko zote: kioo, msumari, mbao zilizogusana na bahari.

Sasa fikiria kabini ya mashua ndogo ya matanga, zile ambazo watu wa Ulaya na Marekani hulala ndani kwa wiki nzima wakisafiri. Ndani kuna kama meta 10 za ujazo, ndogo kuliko chumba cha hosteli. Weka watu wanne usiku. Wakiwa usingizini kila mmoja anatoa kama gramu 40 za maji kwa saa, kwa hiyo kwa saa nane ni zaidi ya lita moja na robo. Hewa yote ya kabini ile, hata ikishiba kabisa kwenye nyuzijoto 18, haibebi zaidi ya gramu 154. Zaidi ya lita nzima itatafuta ukuta. Na kama kuna aliyechemsha chai kwa jiko la gesi, kila kilo moja ya gesi ikiungua inazaa karibu kilo 1.6 za maji, kwa sababu haidrojeni iliyo ndani ya gesi inaungana na oksijeni ya hewani. Moto unaotengeneza maji! Wanafunzi wa kidato cha pili huwa hawaamini mpaka waandike mlinganyo wenyewe.

Parry hakuwa na mlinganyo huo, lakini alikuwa na macho. Aligundua kwamba kupika bia ndani ya meli, jambo lililokuwa likiwapa watu kinywaji na afya kidogo, kulikuwa kunajaza mvuke kila mahali, akaamuru waache. Nadhani amri hiyo haikupokelewa kwa furaha. Januari 1820 mkuu wa mizinga wa Hecla akaanza kuonyesha dalili za kiseyeye, na Parry akalaumu ule ubichi wa kitanda chake. Tiba aliyomtafutia ni ya kupendeza: alipanda haradali na mboga nyingine ndogo za jamii hiyo kwenye visanduku vya udongo, akaviweka kabinini kwake karibu na bomba la jiko. Mimea ikaota, mweupe kwa kukosa mwanga, na mgonjwa akapata nafuu.

Leo tunajua kiseyeye kinatokana na kukosa vitamini C, na ubichi hauhusiki. Nadharia yake ilikuwa na kosa, ila majani yalimponya mtu. Historia ya hewa melini imejaa mambo ya namna hii, na ili kuelewa kwa nini, inabidi turudi nyuma miaka themanini hivi kabla ya Parry.

Mwaka 1741 mchungaji wa Kiingereza aitwaye Stephen Hales aliieleza Royal Society ya London juu ya kifaa chake cha kubadilisha hewa melini. Huyu Hales hakuwa mtu wa kawaida. Alikuwa ameshapima kiasi cha maji ambacho mimea hutoa kupitia majani, na alikuwa mtu wa kwanza kupima shinikizo la damu, kwa kuchomeka mrija kwenye mshipa wa farasi. Kifaa chake kilikuwa mivukuto mikubwa, masanduku ya mbao yenye ubao wa ndani unaopanda na kushuka kwa nguvu za watu. Karibu wakati uleule, Samuel Sutton, naye wa London, alikuja na wazo ambalo mimi naliona ni la akili zaidi: chukua mabomba kutoka chini kabisa ya meli, yapeleke mpaka chini ya moto wa jikoni, na uzibe njia nyingine za hewa za jiko. Moto ukitaka kupumua utavuta hewa chafu ya chini. Hakuna mtu wa kusukuma chochote. Jiko ambalo lazima liwake ili watu wale linafanya kazi mbili.

Wote wawili waliamini kwamba hewa iliyotuama na yenye harufu ndiyo ugonjwa wenyewe. Neno malaria lenyewe kwa Kiitaliano maana yake ni hewa mbaya. Imani hiyo iliwafikisha mbali, na mwaka 1841 ikawafikisha pabaya. Uingereza ilituma meli tatu kupanda mto Niger, zikiwa na mfumo wa kisasa wa kupitisha hewa uliobuniwa na David Boswell Reid, uliokusudiwa kusafisha hewa kwa kemikali kabla haijafika kwa mabaharia. Kati ya Wazungu wapatao 150 waliokuwemo, zaidi ya 40 walikufa, wengi wao kwa homa. Mbu hapiti kwenye mabomba, ana njia zake.

Kuna upande mwingine wa hadithi ya Hales ambao sipendi uachwe. Nahodha Henry Ellis, aliyekuwa akiendesha meli ya watumwa, alimwandikia barua kuisifia mivukuto yake. Hewa safi ilikuwa inalinda mzigo, na mzigo wenyewe ulikuwa watu. Alexander Falconbridge, daktari aliyesafiri na meli hizo kisha akageuka kuwa mpinzani wa biashara ile, alichapisha kitabu mwaka 1788 na humo alieleza matundu madogo ya hewa yaliyotobolewa ubavuni mwa meli. Tatizo, alisema, ni kwamba bahari ikichafuka na mvua ikinyesha, matundu yote hufungwa. Watu mamia walikuwa wamefungwa chini kwenye joto, hewa ikiisha, wakizimia, na wengine wakifa.

Hapo ndipo penye fundo. Tundu linaloingiza hewa linaingiza na maji. Siku ambayo watu wote wako ndani na hewa inahitajika kuliko siku nyingine zote, ndiyo siku ya mawimbi, na ndiyo siku tundu linazibwa. Mivukuto ya Hales, mabomba ya Sutton na yale matanga ya hewa, yaani mirija ya turubai iliyotundikwa kwenye mlingoti kuelekeza upepo chini, vyote vilikwama palepale.

Jahazi zetu za pwani zilikuwa na bahati. Jahazi la Lamu au Unguja ni wazi juu, wengi hulala juu ya shehena au chini ya turubai, upepo unapita omo hadi tezi bila kuulizwa. Isitoshe, maji ya bahari yetu yana nyuzijoto 25 hadi 29, kwa hiyo ubao hauwi baridi kiasi cha kukamata mvuke. Mabaharia wa huku walikuwa na kazi ya kufua maji ngamani, lakini hayo yalikuwa maji ya bahari kweli.

Huko kwenye baridi, watu walianza kuuliza swali tofauti: kama hewa haitaki kutoka, kwa nini tusiuondoe ule ubaridi wa ukuta? Maana mtonesho unahitaji vitu viwili, mvuke na sehemu ya baridi. Safari za Parry zilizofuata zilijaribu kuzungushia kuta magome ya koki, yaleyale ya kutengenezea vizibo vya chupa, na jiko la mhandisi Charles Sylvester lililokuwa likisambaza hewa ya moto ndani ya meli. Lakini aliyelifikisha wazo hilo mwisho wake ni Mnorwei Fridtjof Nansen.

Nansen alitaka meli ambayo ingegandishwa kwa makusudi kwenye barafu ya bahari na kuelea nayo kwa miaka. Fundi Colin Archer akamtengenezea Fram, iliyoshushwa majini Oktoba 1892. Watu huipenda kwa umbo lake la mviringo, kwamba barafu ikiibana inachomoka juu kama kokwa ya embe lililoiva ukilibinya. Ila mimi kinachonivutia ni kuta za sebule yake. Nansen alikuwa amesoma taarifa za waliomtangulia, akaona malalamiko yaleyale: magodoro yamekuwa mabonge ya barafu. Kwa hiyo ukuta ukawa tabaka juu ya tabaka: sufu iliyoshindiliwa na kupakwa lami, koki, mbao, sufu tena, linoleamu isiyopitisha hewa, kisha mbao nyingine. Darini waliongeza manyoya ya reinidia, wale kulungu wa kaskazini, na unene wote wa dari ukakaribia sentimita 40. Dirisha la juu lilikuwa na vioo vitatu, kimoja ndani ya kingine.

Angalia ile linoleamu. Bila kitu kisichopitisha hewa upande wa ndani, mvuke ungepenya taratibu kupitia sufu mpaka ukute sehemu ya baridi katikati ya ukuta, na kulowesha kuta kwa siri. Wajenzi wa nyumba za nchi za baridi bado wanahangaika na jambo hilohilo. Fram ilikaa kwenye barafu ya Aktiki kuanzia 1893 hadi 1896 ikiwa na wafanyakazi 13, na Nansen aliandika kwa kuridhika kwamba sebule ilikuwa kavu na vyumba vya kulala navyo vilikuwa na ahueni kubwa. Baridi ya nje ilishuka chini ya nyuzi 40 chini ya sifuri.

Tatizo la suluhisho la Nansen ni moja tu: linakula nafasi. Kabini ya mashua yenye upana wa meta tatu haiwezi kuwa na kuta za sentimita 40, labda wasafiri wawe sungura. Mashua ndogo lazima irudi kwenye tundu, na tundu bado linaingiza maji.

Sasa tuhamie New York, mwaka 1930. Ndugu wawili, Olin na Rod Stephens, walikuwa na baba aliyeuza biashara yake ya makaa ya mawe na kukubali kuwalipia mashua. Olin aliichora, ikaitwa Dorade, jina la samaki kwa Kifaransa. Urefu wake ulikuwa futi 52, nyembamba mno kuliko mashua za wakati huo. Mwaka 1931 waliiingiza kwenye mashindano ya kuvuka Atlantiki kutoka Newport nchini Marekani hadi Plymouth nchini Uingereza. Olin alikuwa na miaka 23, Rod 21, na baba yao alikuwa mmoja wa wafanyakazi saba. Walifika baada ya siku 17, wakawaacha wapinzani wao kwa kama siku mbili.

Mashua ya mashindano haipunguzi mwendo kwa sababu bahari imechafuka. Inapasua mawimbi, sitaha inaoga muda wote, na chini kuna watu wanaotakiwa kulala ili waamke zamu ya usiku. Mabomba ya hewa ya wakati ule yalikuwa na mdomo mpana kama wa tarumbeta, yamesimama moja kwa moja juu ya sitaha. Yalishusha upepo vizuri, na wimbi likija yalishusha wimbi vizuri vilevile, juu ya kichwa cha aliyelala.

Suluhisho, ambalo sifa yake hupewa Rod, ni sanduku tu la mbao. Limekaa juu ya sitaha. Upande mmoja, juu ya kifuniko chake, kuna ile tarumbeta. Upande wa pili, ndani ya sanduku, kuna bomba la kushuka kabinini, lakini mdomo wake haupo usawa wa sitaha, umeinuliwa juu ndani ya sanduku. Chini pembeni mwa sanduku kuna vitundu. Hewa na maji vinaingia pamoja kwa tarumbeta. Maji ni mazito, yanaanguka, yanatokea kwenye vile vitundu na kurudi baharini. Hewa inageuka, inapanda, inapita juu ya mdomo wa bomba na kushuka ndani. Hakuna injini, hakuna mtu wa kufungua na kufunga. Mpaka leo mabaharia wanakiita kifaa hicho dorade, na wengi hawajui kwamba ni jina la mashua.

Ukitazama utaona kwamba sanduku halikuleta sayansi yoyote mpya. Kila kitu kilichomo kingeeleweka na Hales. Rod alichofanya ni kuacha kumlinda aliyelala dhidi ya maji na kuanza kuyatenganisha maji na hewa baada ya kuingia. Ni mtu wa namna hiyo. Katika Vita Kuu ya Pili alishiriki kubuni DUKW, lori la jeshi linaloingia baharini na kuelea, na Marekani ikamtunuku Nishani ya Uhuru kwa kazi hiyo.

Kuna jambo moja ambalo wengi wanakataa kuliamini hata wakiwa na sanduku hilo juu ya vichwa vyao: kwamba siku ya mvua na baridi, hewa ya nje ni kavu kuliko ya ndani. Hewa ya nyuzijoto 5 iliyoshiba kabisa ina gramu 6.8 za mvuke kwa meta ya ujazo. Iingize kabinini, ipashe hadi nyuzi 18, na sasa ni hewa iliyojaa chini ya nusu ya uwezo wake. Ina njaa ya maji. Kama hewa ya ndani ina gramu 11 hivi, kila meta ya ujazo inayoingia na kutoka inaondoka na gramu 4. Mtu mmoja aliyelala anahitaji meta 10 kwa saa, na watu wanne katika ile kabini yetu wanahitaji hewa yote ibadilishwe mara nne kila saa. Kwa tundu moja haiwezekani, kwa sababu hewa haiingii chumba ambacho haina pa kutokea. Ndiyo maana mafundi huweka angalau mawili, moja linatazama upepo na lingine linaupa mgongo.

Lakini usiku ni wa baridi, mtu anahisi upepo shingoni, na anaziba tarumbeta kwa soksi. Kisha anawasha jiko ili apate joto. Kuanzia hapo mtonesho ni tatizo dogo. Moto unaokosa hewa hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na watu hufa usingizini ndani ya mashua kwa njia hii, sawasawa na wale tunaosikia habari zao huku kwetu kila msimu wa baridi, waliolala na jiko la mkaa chumbani na dirisha limefungwa.

Mwaka 2013 Dorade, ikiwa na umri wa miaka 83, ilishinda mashindano ya California hadi Hawaii, yaleyale iliyoyashinda mwaka 1936. Hata hivyo sanduku halimalizi kila kitu. Usiku usio na upepo halivuti chochote, na siku hizi wengi huongeza feni ndogo inayoendeshwa na umeme wa jua. Na kuna sehemu moja halifiki kabisa: chini ya godoro. Mwili unatoa mvuke kwenda chini pia, unapenya sponji, unakutana na ubao au plastiki iliyogusana na bahari, na asubuhi godoro ni kavu juu, bichi chini. Wenye mashua huliinua kwa fito zenye nafasi katikati ili hewa ipite. Aliyewahi kulaza godoro juu ya sakafu ya saruji huko Mbeya au Njombe mwezi Julai, akaligeuza baada ya wiki mbili na kukuta ukungu mweusi, anaweza kuanza na fito hizohizo. Hata kreti kuukuu za soda zinafaa.